Rangi Moja, Jirani, Pinzani au Tatu: Mpangilio Upi Unafaa Kazi Yako?

Mtu anayetengeneza bango la duka, kadi ya mwaliko, nembo ya kikundi au ukurasa wa biashara mtandaoni hufika mahali ambapo maneno yako tayari, picha iko tayari, na kilichobaki ni kuamua rangi. Programu nyingi za usanifu humwekea gurudumu la rangi, yaani duara ambamo rangi zimepangwa zikifuatana, na kumtaka achague mpangilio mmoja kati ya minne inayojulikana zaidi: rangi moja katika viwango mbalimbali, rangi jirani, rangi pinzani (zinazotazamana kutoka pande mbili za gurudumu), au rangi tatu zilizoachana kwa umbali sawa. Mafunzo mengi huishia hapo, kana kwamba mipangilio hiyo ina uwezo sawa na kilichobaki ni ladha ya mtu. Sikubaliani na mtazamo huo. Kila mpangilio una kazi unayoiweza na kazi inayoushinda, na hapa nitailinganisha kwa mambo yanayomgusa mwenye kazi mkononi: kusomeka kwa maandishi, gharama ya uchapishaji, mabadiliko ya rangi inapotoka kwenye skrini kwenda kwenye karatasi au turubai, na namna rangi inavyohimili jua.

Sifa tatu zinazotangulia

Kila rangi ina sifa tatu, na Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alizipanga kwa utaratibu unaopimika alipochapisha mfumo wake mwaka 1905. Ya kwanza ni aina ya rangi, ile tunayoitaja kwa jina tunaposema nyekundu, njano au kijani. Ya pili ni uangavu, yaani jinsi rangi hiyo ilivyo karibu na weupe au karibu na weusi. Ya tatu ni ukolevu, kwa maana ya kwamba rangi imekoza au imepauka na kuelekea kijivu. Mfumo huo umedumu kiasi kwamba wataalamu wa udongo hadi leo huenda shambani na kitabu cha vipande vya rangi chenye jina la Munsell, wakalinganisha donge la udongo na kipande kinachofanana nalo. Gurudumu la kawaida la kwenye programu huonyesha vizuri sifa ya kwanza, na pengine ya tatu. Sifa ya pili, ambayo ndiyo inayoamua kama msomaji ataona herufi au hataziona, haijitokezi humo.

Jicho la binadamu halizipi rangi zote uzito sawa. Katika hesabu inayotumika kimataifa kupima uangavu wa rangi za skrini, kijani huchangia takriban asilimia 72, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Ndiyo maana njano iliyokolea, ambayo kwenye skrini hutokana na nyekundu na kijani kuwaka pamoja, hukaribia uangavu wa nyeupe, ilhali buluu iliyokolea huelekea weusi. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandao hutumia hesabu hiyo kupata uwiano unaoanzia 1 kwa 1, pale rangi mbili zinapolingana kabisa kwa uangavu, hadi 21 kwa 1, ambao ni wa nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1.

Ukizipima rangi za skrini zilizokolea kabisa, unaona mara moja kwa nini baadhi ya kazi hazisomeki hata kama kila rangi ikiwa peke yake inapendeza. Njano juu ya nyeupe hupata takriban 1.07 kwa 1, yaani ni kama hakuna kilichoandikwa, lakini njano hiyohiyo juu ya nyeusi hupata 19.6. Buluu juu ya nyeupe hupata 8.6, na juu ya nyeusi 2.4. Kijani cha skrini juu ya nyeupe hakifiki hata 1.4. Nyekundu iko katikati: 4.0 juu ya nyeupe na 5.3 juu ya nyeusi, jambo ambalo huwashangaza wateja wengi wanaoamini kwamba nyekundu ndiyo rangi inayosomeka kuliko zote. Nyekundu huvuta jicho, lakini kuvuta jicho ni kitu kimoja na kusomeka ni kitu kingine; aya nzima ya maandishi madogo mekundu kwenye karatasi nyeupe huchosha kabla haijafika katikati.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo ulinganisho wote unaofuata unaiegemea, ni kwamba mpangilio uchaguliwe baada ya kuamua ni sehemu gani ya kazi itakuwa angavu na ipi itakuwa nzito. Anayeanza na majina ya rangi hujikuta akirekebisha mwishoni kwa kuongeza vivuli, mistari na visanduku nyuma ya maandishi.

Gurudumu lenyewe si moja

Isaac Newton aliupinda utepe wa rangi za mwanga ukawa duara katika kazi aliyoichapisha mwaka 1704, na tangu hapo kumekuwa na magurudumu kadhaa. Matatu ndiyo yanayokutana na mbunifu wa leo. La mchoraji lina rangi za msingi nyekundu, njano na buluu, na ndilo linalofundishwa shuleni. La skrini lina nyekundu, kijani na buluu, kwa sababu simu na kompyuta hutoa mwanga na huchanganya mwanga. La mchapaji lina samawati (buluu nyepesi inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na njano, na nyeusi huongezwa kwa ajili ya maandishi na vivuli, kwa sababu wino haitoi mwanga bali hufyonza sehemu ya mwanga unaoiangukia.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja katika uchaguzi. Mpinzani wa buluu kwenye gurudumu la mchoraji ni rangi ya chungwa. Kwenye gurudumu la skrini mpinzani wake ni njano. Mpinzani wa nyekundu kwa mchoraji ni kijani, kwa skrini ni samawati. Mpinzani wa kijani kwa mchoraji ni nyekundu, kwa skrini ni majenta. Watu wawili wanaofuata kanuni ileile ya rangi pinzani wanaweza kutoka na kazi mbili zisizofanana, na wote wawili wakawa sahihi kwa gurudumu walilolishika. Kwa macho yangu, gurudumu la mchoraji hutoa jozi tulivu zaidi kwa mapambo, nguo na picha za kuchorwa, na la skrini hutoa jozi kali zaidi. Anayefanya kazi ya kuchapisha aanze na lolote kati ya hayo mawili, mradi ajue kwamba neno la mwisho litasemwa na wino.

Rangi moja

Mpangilio wa rangi moja huchukua aina moja ya rangi na kuitumia katika uangavu na ukolevu tofauti, pamoja na nyeupe, nyeusi au kijivu. Huu ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa mtu yeyote asiye na uhakika, na sababu si kwamba ni rahisi. Kwa kuwa aina ya rangi imeshaamuliwa, mbunifu analazimika kufanya kazi yake yote kwa uangavu, na kwa njia hiyo maandishi husomeka bila yeye kutumia nguvu. Kijani kizito cha msituni chenye maandishi meupe hupata zaidi ya 7 kwa 1, na bado unaweza kuweka kijani kilichopauka kwenye visanduku vya bei au tarehe.

Pwani yetu ina mfano wa zamani wa mpangilio huu. Kisutu, kanga ya harusi, huwa na nyekundu, nyeusi na nyeupe: aina moja tu ya rangi kwa maana ya gurudumu, na pande zake mbili za mwisho za uangavu. Ukiitazama kwa karibu unaona jinsi kazi ilivyogawanywa. Nyeusi hubeba mistari na vielelezo, nyeupe hufungua nafasi kati yake, na nyekundu hujaza. Hakuna rangi mbili zenye uzito unaofanana zinazogombania mahali pamoja, na kwa hiyo pambo linaonekana hata kwa mtu aliye upande wa pili wa ua.

Biashara kubwa nazo huegemea hapa. M-Pesa ya Kenya ni ya kijani na M-Pesa ya Tanzania ni nyekundu, kila moja ikifuata rangi ya kampuni inayoiendesha, na mteja hukitambua kibanda cha wakala kabla hajasoma herufi hata moja. Rangi moja ikirudiwa bila kubadilika kwa miaka hugeuka kuwa jina. Upande wa udhaifu, mpangilio huu hauna njia nyepesi ya kutenganisha mambo ya aina tofauti. Ramani ya njia za mabasi, chati yenye makundi sita, au orodha ya vyakula yenye sehemu nyingi vitamshinda anayeng'ang'ania rangi moja, kwa kuwa jicho hupata taabu kukumbuka viwango zaidi ya vinne au vitano vya rangi ileile.

Kwa gharama, mpangilio huu hauna mshindani pale uchapishaji unapolipiwa kwa idadi ya rangi. Fulana za kuchapishwa kwa fremu zenye wavu unaopitisha wino huhitaji fremu moja kwa kila rangi, na kila fremu huongeza gharama na muda wa kupanga. Barua rasmi, risiti na bahasha zinazochapwa kwa mashine ya pleti zinaweza kutumia wino mmoja uliochanganywa tayari, kama zile za Pantone, mfumo wa rangi zenye namba maalumu ulioanza mwaka 1963, badala ya wino nne. Nembo ikatoka vilevile leo na mwakani.

Rangi jirani

Hizi ni rangi zinazofuatana kwenye gurudumu, kama njano, chungwa na nyekundu, au buluu, samawati na kijani. Ni mpangilio wa utulivu, nao hupatikana sana katika maumbile, kwenye majani, machweo na maji. Unafaa mandhari ya nyuma, kadi za mwaliko, vifungashio vya sabuni au chai, na kuta za chumba. Kwa upande mwingine, ndio mpangilio unaodanganya kuliko yote, maana upatanifu wake humfanya mbunifu asahau uangavu: chungwa juu ya nyekundu, au kijani juu ya buluu ya bahari, hupendeza kwenye skrini ya mbunifu aliyeketi nusu mita kutoka kwenye kioo, kisha hupotea kabisa barabarani. Hata nyeupe juu ya chungwa la kawaida la skrini haifiki 2 kwa 1, na bado ni mchanganyiko unaopendwa sana na wauza vinywaji na vyakula. Anayechagua rangi jirani na aziachie mapambo, kisha maandishi ayape nyeusi, nyeupe, au kiwango kizito kabisa cha mojawapo ya rangi hizo.

Rangi pinzani

Hapa ndipo penye maneno mengi zaidi, kwa sababu ndipo penye nguvu zaidi na makosa mengi zaidi.

Nguvu yake ilielezwa vizuri na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris. Kiwandani hapo kulikuwa na malalamiko kwamba baadhi ya nyuzi nyeusi hazikuwa na weusi wa kutosha. Chevreul alizichunguza, akakuta nyuzi hazina kasoro. Tatizo lilitokana na rangi zilizokuwa jirani nazo, ambazo zililifanya jicho lione weusi uliofifia. Matokeo ya uchunguzi wake, aliyoyachapisha mwaka 1839, yanaeleza kwamba rangi mbili zikikaa bega kwa bega kila moja humsukuma mwenzake aonekane tofauti nayo zaidi. Rangi pinzani, kwa kuwa tayari zimeachana kadiri inavyowezekana, hukolezana: nyekundu huonekana nyekundu zaidi kando ya kijani, na chungwa huwaka kando ya buluu. Kitufe kimoja cha rangi ya chungwa kwenye ukurasa wa buluu hakihitaji mshale wa kukionyesha.

Makosa huja pale watu wanapodhani kwamba kupingana kwenye gurudumu ni sawa na kusomeka. Tuchukue jozi tatu za rangi pinzani za skrini, zote zikiwa zimekolea kabisa. Njano na buluu hupata 8 kwa 1, kiwango kinachoridhisha hata kwa maandishi madogo. Samawati na nyekundu hupata takriban 3.2, ambacho kinatosha kwa kichwa cha habari tu. Kijani na majenta hupata 2.3, na hicho hakitoshi kwa lolote linalotakiwa kusomwa. Uhusiano wa jozi zote kwenye gurudumu ni uleule. Kilichotofautiana ni uangavu. Jozi ya nyekundu na kijani ya mchoraji, ikiwekwa kwenye skrini kwa ukolevu wote, huishia 2.9, na mpaka kati ya rangi hizo mbili huonekana kama unatetemeka, kwa kuwa jicho linapata tofauti kubwa ya aina ya rangi bila kupata tofauti ya uangavu wa kulishikilia umbo.

Jozi hiyo ina mashaka mengine. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban 8 katika kila 100 wana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Katika jamii za Kiafrika idadi iliyopimwa kwa kawaida huwa ndogo zaidi, lakini watu hao wapo, nao hununua, hupiga kura na husafiri. Fomu inayotumia nyekundu kuonyesha kilichokataliwa na kijani kuonyesha kilichokubaliwa, bila alama wala neno, inawaacha nje.

Wabunifu wa bendera waliikuta changamoto hii mapema. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa Desemba 1963, ina nyeusi, nyekundu na kijani, na kati ya milia hiyo kuna mistari myembamba ya nyeupe. Bendera ya Tanzania ya mwaka 1964 ina kijani, nyeusi na buluu, na ule mlia mweusi wa hanamu umezungushiwa njano pande zote mbili. Ondoa mistari hiyo kwa kidole kwenye picha uone kinachotokea: rangi nzito zinakutana, na kwa mbali, bendera ikipepea, mipaka inayeyuka. Kanuni ya kale ya nembo za Ulaya ilikuwa hiyohiyo: rangi nzito haziwekwi juu ya rangi nzito, wala njano na nyeupe haziwekwi moja juu ya nyingine. Yeyote anayelazimishwa na mteja kutumia nyekundu na kijani pamoja ana dawa hapo. Mstari mweupe au wa njano kati yake hugharimu nafasi ndogo sana, na huokoa kazi nzima.

Ninachoshauri kwa rangi pinzani ni kutozipa nafasi sawa. Moja itawale, nyingine iwe ndogo, na hiyo ndogo ipewe jambo moja tu: bei, tarehe, au kitufe. Wabunifu wa ndani ya nyumba hupenda kanuni ya 60, 30 na 10, yaani asilimia za rangi inayotawala, inayosaidia na inayokatiza. Si sheria ya maumbile, ila humzuia mtu kugawa nusu kwa nusu, na hilo pekee linatosha kuifanya iwe na faida.

Rangi tatu

Mpangilio wa rangi tatu zilizoachana sawasawa, kama nyekundu, njano na buluu, una uchangamfu unaofaa vitu vya watoto, matamasha, michezo na masoko. Ugumu wake ni kwamba hakuna rangi iliyo kiongozi kwa asili, na mbunifu asipomteua mmoja, zote tatu zitapiga kelele.

Mafundi wa Tingatinga wanaonyesha njia moja ya kuutawala mpangilio wa aina hii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya mbao nyembamba za mraba. Rangi hizo hutoka mkebeni zikiwa zimekolea, na katika michoro mingi ya mtindo huo utakuta nyekundu, njano, buluu na kijani kwenye ndege mmoja. Bado ndege haparaganyiki. Mandhari ya nyuma mara nyingi ni ya rangi moja au mbili zinazoyeyukiana, umbo la mnyama limezungukwa na mstari mweusi, na madoadoa meupe yamewekwa juu ya maeneo mazito. Kwa maneno mengine, uangavu umepangwa kwanza kwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi zimepewa uhuru ndani ya mipaka hiyo. Bango la tamasha lenye rangi tano linaweza kufuata utaratibu huohuo bila kuiga mchoro wowote.

Kwa nembo siupendekezi mpangilio huu. Nembo huchapwa kwenye risiti nyeusi na nyeupe, hupigwa mhuri, hushonwa kwenye kofia, na nembo inayotegemea rangi tatu ili ieleweke hugeuka doa la kijivu katika nusu ya matumizi hayo.

Skrini, karatasi na jua

Hadi hapa nimelinganisha mipangilio kama vile rangi ikishachaguliwa hubaki ilivyo. Haibaki. Buluu ya skrini iliyokolea kabisa haipatikani kwa wino nne. Ikichapwa huelekea zambarau iliyofifia, na kijani cha kung'aa huwa kijani cha kawaida. Wa kwanza kuumia ni mpangilio wa rangi pinzani na wa rangi tatu, kwa kuwa mvuto wake unatokana na ukolevu. Rangi moja na rangi jirani hupungua mvuto kidogo tu, kwa sababu rangi zote hushuka pamoja na uhusiano wake hubaki. Anayejua kwamba kazi yake itachapwa na aiweke programu katika hali ya wino nne tangu mwanzo, si dakika ya mwisho dukani kwa mchapaji, ambapo mshangao wake hauna dawa. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Yakichanganywa na wino nyingine, karatasi ikiyumba kidogo mashineni herufi huota kivuli cha rangi pembeni. Hatari hiyohiyo hukumba maandishi madogo ya kahawia au kijani kizito yanayotokana na wino tatu, na ni sababu nyingine ya kuacha maandishi katika nyeusi.

Jua nalo lina upendeleo. Tazama mabango ya wagombea yaliyosahauliwa ukutani miezi mingi baada ya uchaguzi: nyuso zimekuwa za buluu na kijivu. Wino wa majenta na wa njano kwa kawaida hutangulia kupauka, samawati na nyeusi hudumu zaidi. Maana yake katika ulinganisho huu ni kwamba turubai la rangi jirani za moto, yaani nyekundu, chungwa na njano, hupoteza karibu kila kitu, ilhali la buluu na samawati huzeeka taratibu. Rangi pinzani za chungwa na buluu hufa kwa upande mmoja: chungwa, ambalo ni majenta na njano, huondoka, buluu hubaki, na kile kitufe au bei iliyokusudiwa kuvuta jicho ndiyo hutoweka kwanza. Kwa bango litakalokaa nje mwaka mzima, jambo muhimu na liandikwe kwa nyeusi au buluu nzito, na rangi za moto ziwe pambo ambalo likipauka biashara haitaathirika.

Kuna pia suala la saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Bohemia Jan Purkyně alieleza kwamba mwanga unapopungua jioni, nyekundu huonekana kuingia giza haraka huku buluu na kijani zikionekana kubaki na mwanga. Kibao chekundu chenye maandishi meusi, ambacho mchana kinapita kwa shida, magharibi hakisomeki. Mgahawa unaopata wateja wengi kuanzia saa kumi na mbili jioni hauna sababu ya kuchagua hivyo, isipokuwa kama kibao kina taa yake.

Uchaguzi kwa kila kazi

Kwa nembo, chukua rangi moja na nyeusi au nyeupe. Kwa bango la barabarani, chukua rangi mbili zilizoachana sana kwa uangavu, ziwe pinzani au zisiwe: njano na nyeusi, nyeupe na buluu nzito, nyeupe na kijani kizito. Kwa ukurasa wa mtandaoni au tangazo la simu, rangi moja itawale na mpinzani wake mmoja apewe kitufe. Kwa kadi ya mwaliko, rangi jirani zina utulivu unaofaa, mradi maandishi yasiwe sehemu ya utulivu huo. Kwa tamasha na vitu vya watoto, rangi tatu zenye mistari ya nyeusi au nafasi za nyeupe kati yake. Kwa fulana, rangi chache kadiri mfuko unavyoamua, ukikumbuka kwamba rangi ya kitambaa chenyewe ni rangi ya bure.

Kabla ya kupeleka kazi popote, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Simu karibu zote zina kichujio hicho kwenye sehemu ya kuhariri picha. Ikiwa maandishi yanasomeka hivyo, na jambo kuu bado linaonekana kuwa kuu, mpangilio wowote uliouchagua utasimama. Ikiwa yamemezwa, punguza au ongeza uangavu wa rangi mojawapo kabla ya kufikiria kubadilisha rangi yenyewe. Mara nyingi nyekundu iliyoshushwa kidogo ikawa ya damu ya mzee, au kijani kilichotiwa uzito, hutatua tatizo bila mteja kuhisi kwamba amenyang'anywa rangi yake.

Kwa kazi ya kuchapwa, omba kipande cha majaribio kwenye karatasi au turubai litakalotumika, maana karatasi isiyong'aa hunywa wino na kuifanya rangi ionekane imepoa. Kisha toka nacho nje. Taa nyingi za madukani huelekea ubuluu, balbu za nyumbani huelekea unjano, na rangi mbili zilizofanana chini ya taa moja zinaweza kutofautiana chini ya nyingine. Kama bango litatundikwa juani, liamue juani. Kama kadi itasomwa ukumbini usiku, izime taa ya dukani na uisogeze kwenye balbu ya njano kabla ya kuidhinisha nakala mia tano.